Baiskeli ya umeme ya bei nafuu ikigoma: anza na viungo, betri baadaye

Wanaoniletea baiskeli za umeme hapa Busia, upande wa Uganda, huja na hukumu tayari. "Fundi, betri imekufa." "Fundi, mota imeungua." Mimi kazi yangu ya asili ni simu. Hizi baiskeli zilinifuata kwa sababu nina mita na kifaa cha kulehemu, na kwa sababu mwenyewe naendesha moja: mota ya wati 350 kwenye gurudumu la nyuma, betri ya volti 48, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Miaka miwili ya kuisukuma nikirudi nyumbani imenifundisha kwamba kwenye baiskeli ya bei nafuu kinachokufa kwanza mara nyingi ni viungo: plagi iliyolegea, waya uliobanwa, nati isiyokazwa, swichi ya breki iliyojaa matope. Betri hufuata, tena mara nyingi huuawa na hivyo viungo.

Kwa hiyo mpangilio wangu unaanza na vitu vya kukagua bure. Ukifika kwenye kununua, uwe umeshapima.

Unachohitaji ni mita ya kawaida ya kupimia volti, spana ya nati za ekseli (nyingi ni namba 18), msasa laini na simu ya kupiga picha. Picha ni muhimu kuliko spana. Rangi za nyaya hazifanani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na ukishachomoa plagi kumi bila picha, utakuja kwangu na mfuko wa nyaya. Kabla ya kuchomoa chochote, zima, toa betri, kisha subiri dakika moja hivi ili kontrola, kile kisanduku kinachoigawia mota umeme, iishiwe na umeme uliobaki ndani.

Namba za kukariri ni hizi. Betri ya lithiamu ya volti 36 kwa kawaida ina makundi 10 ya seli, yaani vibetri vidogo vilivyo ndani yake; ikijaa inasoma 42. Ya volti 48 ina makundi 13. Ikijaa inasoma 54.6. Zile nzito za asidi, nne za volti 12 zilizofungwa mfululizo, zikijaa na kupumzika zinasoma kama 51, karibu 12.7 kila moja. Volti "48" iliyoandikwa kwenye kava ni jina tu. Ukipima betri yako ya lithiamu ukaona 48 kamili, imeshatumika zaidi ya nusu.

Imekufa kabisa, hata taa haiwaki

Pima betri ikiwa nje ya baiskeli, kwenye mdomo wake wa kutolea umeme. Ukipata volti za kawaida, kwa kawaida kosa haliko kwenye betri. Rudi kwenye kitako inapokaa. Barabara zetu zinatikisa, na vile vyuma viwili au vinne vya kugusana hulegea, vinatoa cheche, vinaungua na kuota weusi. Piga msasa, vinyooshe vibane, kagua kama kufuli la betri linaishikilia au inacheza. Mimi nimekata kipande cha tyubu nikakiweka chini ya betri yangu ili isichezecheze, na tangu hapo tatizo hilo sijaliona tena.

Ukipata sifuri kwenye mdomo wa kutolea lakini kwenye tundu la kuchajia kuna volti, tafuta fyuzi. Nyingi zina fyuzi bapa kama ya gari, ndani ya kifuniko kidogo. Weka ya ampea zilezile. Nimeshawahi kukuta msumari mahali pa fyuzi. Mwenye baiskeli alishangaa kwa nini plagi zote zilikuwa zimeyeyuka.

Sifuri kote kote? Huenda bodi ya ulinzi ndani ya betri imejifunga. Chomeka chaja dakika kumi, upime tena. Kama ilijifunga kwa sababu ya kuvutwa sana au kuishiwa, mara nyingi huamka hapo.

Kioo cha kwenye usukani kinawaka lakini mota haivuti

Mama mmoja anayesambaza mayai aliniletea yake akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba mota imeungua na atafute nyingine. Trei za mayai zilikuwa bado zimefungwa nyuma. Nilishika mkono wa breki wa kushoto, nikausukuma mbele kwa kidole, kama milimita tatu tu, nikamwambia avute eksileta. Gurudumu likazunguka. "Fundi, umefanya nini?" Sikuwa nimefanya kitu. Alikuwa ameanguka wiki iliyotangulia, mkono wa breki ukapinda kidogo, ukawa haurudi hadi mwisho. Ndani yake mna swichi inayoiambia kontrola "huyu anafunga breki, usitoe umeme." Kontrola ilikuwa inatii.

Kwa hiyo breki ndiyo ya kwanza. Chomoa plagi za swichi zote mbili za breki kisha jaribu, gurudumu likiwa juu. Ikivuta, umepata jibu. Safisha, nyoosha, rudisha plagi. Usiziache zimechomolewa moja kwa moja kwa kuwa "inaenda vizuri tu". Siku eksileta ikikwama, swichi hiyo ndiyo itakayokuokoa na lori.

Breki zikiwa salama, nenda kwenye eksileta, ambayo hapa watu wanaiita mafuta ingawa hakuna tone la petroli. Ina nyaya tatu. Kati ya nyekundu na nyeusi pawe na karibu volti 5. Waya wa tatu usome chini ya volti 1 ukiwa hujavuta, upande taratibu hadi kati ya 3.5 na 4 hivi ukivuta mpaka mwisho. Kama volti 5 zipo lakini waya wa tatu haupandi, eksileta imekufa, nayo ni kati ya vipuri rahisi kabisa. Kama volti 5 hazipo, usikimbilie kulaumu kontrola. Chomoa kwanza vingine vinavyokula umeme huohuo, yaani sensa ya pedali na sensa za mota, kimoja kimoja. Kimoja kikiwa na shoti kinaziangusha hizo volti 5 kwa vyote.

Eksileta inavuta lakini ukikanyaga pedali haisaidii? Angalia kile kisahani cha sumaku karibu na pedali. Kinasogea. Kikiwa mbali na sensa zaidi ya milimita chache, sensa haioni kitu. Kisukume kirudi, maliza.

Inanguruma, inashtuka, haizunguki

Hii ndiyo inayowatisha watu kwa sababu ya sauti. Ukivuta eksileta, gurudumu linatetemeka mbele na nyuma kama mtu mwenye homa.

Kabla ya mita, piga magoti uangalie waya mnene unaoingia kwenye ekseli ya nyuma. Umekatwa? Umejisokota? Nati za ekseli zikilegea, mota ikivuta, ekseli yenyewe inazunguka kwenye uma badala ya gurudumu, na waya unanyongwa palepale unapoingilia. Baiskeli za bei nafuu huja na washa laini na mara nyingi hazina kile chuma cha kushikilia ekseli isizunguke. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukukatia kipande cha bapa, atoboe tundu la kubana ekseli, akifunge kwenye fremu. Fanya hivyo kabla, si baada. Kaza nati kila mwezi. Ukitoboa tairi ukampelekea fundi wa baiskeli asiyezijua hizi, zikaze tena wewe mwenyewe ukifika nyumbani.

Waya ukiwa mzima, kuna vipimo viwili.

Cha kwanza hakihitaji hata mita. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono kinyumenyume. Mota nyingi ndogo zina gia ndani zenye friwili, kwa hiyo ukizungusha mbele hutaigusa mota. Kama ni gumu na linakwamakwama, chomoa nyaya tatu nene zinazoenda kwenye kontrola, uzungushe tena. Likiwa jepesi sasa, kosa ni kontrola: transista zake za nguvu zimepiga shoti. Likibaki gumu hata baada ya kuchomoa, shoti iko kwenye mota yenyewe au kwenye waya wake, na hapo rudi ukaangalie penye ekseli mara ya pili.

Cha pili ni sensa za Hall, tatu, zilizomo ndani ya mota, zinazoiambia kontrola sumaku ziko wapi. Baiskeli ikiwa imewashwa, pima kati ya waya mwembamba mweusi na kila mmoja wa wembamba watatu, wa njano, kijani na bluu, huku ukizungusha gurudumu kinyumenyume polepole. Kila mmoja uruke: karibu sifuri, karibu 5, sifuri, 5. Ule usioruka ndio mgonjwa. Pengine ni pini ya plagi iliyorudi nyuma tu, isukume kwanza. Kama ni sensa yenyewe, mota ifunguliwe, sensa ilehemiwe mpya. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi mvumilivu. Usibadilishe mota kwa ajili ya kitu kidogo kama punje ya mchele.

Na kama mota inazunguka ndani, unaisikia, lakini gurudumu halifuati au linakwaruza, hizo ni gia za plastiki zimelika. Hubadilishwa zikiwa seti.

Inakata kwenye mlima

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza angalia inakata namna gani. Mota ikiacha lakini kioo kikabaki kinawaka, kwa kawaida ni kontrola imeona volti zimeshuka mno. Za volti 48 nyingi hukata kati ya 39 na 42. Kioo kikizima pamoja na kila kitu, ni bodi ya ulinzi ya betri imekata. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Yangu ilikuwa inazima yote. Nilifunga mita kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, nikapakia gunia la mahindi, nikaenda kuutafuta mwinuko. Kabla ya kuanza mita ilisoma 51.5. Katikati ya mwinuko, eksileta hadi mwisho, ilisoma 47.7, kisha sifuri. Nikakaa pembeni ya barabara nikiikodolea macho hiyo namba. Betri ya 48 haijaisha kwenye 47.7! Mbona ikate?

Nilipofungua kava na kupima kundi moja moja, makundi 12 yalikuwa kwenye 4.02 na kundi moja kwenye 3.31. Bodi ya ulinzi haiangalii jumla peke yake, inaangalia kila kundi. Lile dhaifu lilipovutwa lilianguka chini ya mpaka wake, bodi ikafunga duka zima ingawa wenzake 12 walikuwa na shibe. Na kwa nini lilikuwa dhaifu? Kila kundi langu lina seli 4. Kwenye hilo, seli moja mkanda wake wa nikeli ulikuwa umepasuka kando ya doa la kuchomelea, kwa kutikiswa. Seli tatu zilikuwa zinafanya kazi ya nne. Kiungo tena.

Sikulehemu mwenyewe, ingawa mkono uliniwasha. Joto la kulehemu likikaa juu ya seli linaiharibu kwa ndani. Nilimpelekea mwenye mashine ya kuchomelea madoa Kampala, akaweka mkanda mpya, akalijaza kundi hilo peke yake mpaka lilingane na wenzake. Ukiacha kwenye chaja muda mrefu baada ya taa ya kijani, bodi husawazisha makundi yenyewe, lakini kwa mkondo mdogo sana, kwa hiyo inafaa kwa tofauti ndogo, si ya volti nzima. Na kundi lililoshuka chini ya volti 2 likakaa hivyo wiki kadhaa, usilifufue. Linaweza kukubali chaji leo na kuwaka moto kesho.

Betri za asidi ni rahisi zaidi. Ukiwa na mzigo, pima kila moja kati ya zile nne. Inayoanguka chini ya 10.5 wakati wenzake wako 11 na zaidi, ndiyo mwizi. Kinachoziua ni kuachwa tupu. Zikirudi jioni zimeisha, zichaji jioni hiyohiyo.

Kama inayokata ni kontrola na makundi yote yamelingana, basi betri imechoka, au ilikuwa ndogo tangu mwanzo na kava lilikudanganya. Uongo wa kava unapimika kwa mizani. Seli ya duara ya kawaida, aina ya 18650, ina gramu 45 hadi 48 na hata iliyo nzuri kwa kawaida haizidi ampea-saa (kipimo cha umeme inaoweza kubeba) 3.5 hivi. Betri ya volti 48 yenye ampea-saa 20 inahitaji makundi 13 ya seli 6, yaani seli 78, karibu kilo tatu na nusu za seli tupu, bila kava, bila nyaya. Yangu iliandikwa 20. Niliipeleka kwa jirani anayeuza maharage, akaondoa kopo, akaiweka kwenye mizani: kilo 3.1 na kava lake. "Unauza kilo ngapi?" akaniuliza. Ukweli wake ni kama ampea-saa 10, sawa na wati-saa 480, nusu yuniti tu ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Nikiiendesha kwa eksileta tupu na mzigo, inakula kama wati-saa 15 kwa kilomita, ndiyo maana inanipa kilomita 30 na si 60 nilizoahidiwa. Tangu niipime sijagombana nayo tena. Nenda na betri yako sokoni kabla hujailipia.

Mpwa wangu anaishi Muyenga, Kampala, na kwake ubishi ni mwingine: milima. Mtu na baiskeli na mkoba, kilo 120, kwenye mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, zinahitajika kama wati 260 zifike kwenye tairi kwa kupanda tu. Mota ya wati 250 hapo inalia. Ikienda polepole huku imevutwa hadi mwisho, umeme mwingi unageuka joto. Kanyaga pedali, ndiyo maana zipo. Kifuniko cha mota kikiwa hakishikiki kwa mkono, pumzika.

Haichaji, au inachaji nusu

Pima mdomo wa chaja yenyewe: 42 kwa betri ya 36, 54.6 kwa lithiamu ya 48. Chini ya hapo, chaja ni mbovu. Taa ya kijani mara tu unapochomeka, na betri haijajaa, maana yake umeme haufiki: tundu limelegea, au fyuzi ya njia ya kuchajia imekatika, au bodi imejifunga.

Hatari iko kwenye kuazimana chaja. Chaja ya betri za asidi za 48 hutoa karibu volti 58 au 59, na plagi yake huweza kuingia vizuri kabisa kwenye betri ya lithiamu inayotakiwa kuishia 54.6. Kinachobaki kati yako na moto ni bodi ya ulinzi ya bei nafuu. Andika kwenye chaja yako kwa kalamu nene.

Stima ikikatika, chomoa. Inaporudi huja na mshtuko, na chaja nyingi ninazofungua zimekufa hapo. Chajia sakafuni kwenye saruji, mbali na godoro na mlango wa kutokea. Betri iliyotoka juani au mlimani ipoe kwanza. Ikivimba, ikitoa harufu tamutamu ya kemikali au ikipata joto bila kutumika, itoe nje mara moja na usiirudishe ndani. Ikishika moto, kaa mbali na moshi, na maji ya kuipoza yawe mengi, si kikombe.

Baada ya mvua

Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, kibanda changu hujaa. Baiskeli inaenda, inakata, inaenda tena jua likitoka. Hayo ni maji kwenye plagi. Fungua, kausha, angalia kutu ya kijani kwenye pini, paka grisi kidogo. Kisha pitisha nyaya zote ziingie kwenye kontrola kutoka chini, zikiwa zimelegea kama bembea, ili maji yadondoke kwenye tumbo la waya kabla ya kufika kwenye kontrola. Nyingi zinatoka kiwandani zimeelekea juu, kama faneli.

Na usiipeleke kwa vijana wa kuosha boda kwa pampu. Kinachostahimili manyunyu hakistahimili pampu. Kitambaa na ndoo vinatosha.

Sipoki zinakatika

Mota nzito, sipoki nyembamba, mtu nyuma. Hapa Busia baiskeli zilibeba abiria na mizigo kati ya mpaka na mpaka kabla pikipiki hazijachukua jina la boda boda, kwa hiyo mafundi wa magurudumu tunao wa kutosha. Mwambie akufungie sipoki nene na azikaze zote sawa. Ukibadilisha zilizokatika tu, mwezi ujao utabadilisha jirani zake.

Ukinunua kontrola mpya

Ilingane na ya zamani kwa volti, ampea na idadi ya plagi. Usichukue ya ampea kubwa kwa tamaa ya mwendo. Betri ndiyo itakayolipa. Ukiifunga mota ikazunguka kinyume au ikatetemeka, tafuta nyaya mbili zenye rangi moja, mara nyingi nyeupe, zilizo na plagi ya kuunganisha moja na nyingine. Ziunganishe gurudumu likiwa juu, acha kontrola ijifunze mota, gurudumu likizunguka upande sahihi zitenganishe.

Na ukiamua kuileta kwa fundi, mimi au mwingine, leta na chaja, ufunguo wa betri na betri iliyojaa. Nusu ya siku zangu zinapotea nikisubiri mtu arudi nyumbani kufuata ufunguo.